Kikombe Kinachoyumba

Baba mkwe wangu aliwaambia watu kwamba nilikuwa nasinzia.

Aliyasema hayo kwenye kibanda cha chai pale njia panda, mimi nikiwa bado nimelazwa hospitalini na nyuzi shavuni, na maneno yakanifikia kabla sijaruhusiwa kurudi nyumbani. Kusuma kasinzia mashineni. Kusuma hakuugonga mti ukaingia. Wake za watoto wa siku hizi, mkono uko kazini, akili iko kwenye simu.

Simu yenyewe nilikuwa nimeiacha jikoni.

Sisi ni watu wa kukereza. Huku Channapatna, kusini mwa India, katika mtaa wetu, nyuma ya kila nyumba pana banda, na ndani ya kila banda pana mashine. Yetu haina makuu: mota chini ya benchi, mkanda, shafti, na kwenye ncha ya shafti kimekazwa kwa skrubu kikombe cha chuma. Kipande cha mti unakichonga kitako, unakigonga kwa nyundo mpaka kibane ndani ya kikombe, unawasha, kinazunguka, unakisogezea patasi. Umbo likishatoka unakigusisha kijiti cha lakiri, joto linaiyeyusha rangi juu ya mti, kisha unapitisha jani la mkadi ing'ae. Mimi kazi yangu ni pia za watoto. Pia haidanganyi. Ukiikereza vibaya, mtoto ataizungusha mara moja tu na kila mtu ataona.

Aliyenifundisha ni mama mkwe wangu, Gowramma, mwanamke mwembamba mwenye ulimi wa pilipili kichaa. Lakini mwenye mashine alikuwa mumewe, Bairappa. Zamani alikuwa mkerezaji wa kusifiwa, watu wakileta hata wageni waje kumtazama mikono. Magoti yalipomshinda akahamia barazani, kazi akatuachia sisi wanawake wawili, ila spana hakuiachia. Chochote kikiharibika ni yeye atakayekitengeneza. Ukigusa nati bila yeye, utasikia habari zako.

Baada ya mvua za masika kikombe kikaanza kuyumba. Mara ya kwanza nilikisikia mkononi kabla sijakiona kwa macho: patasi inagusa, inaachia, inagusa, inaachia, kama mtu anayekugonga begani. Nikazima, nikautoa mti, nikaugonga upya. Ikawa vile vile. Nikabadilisha mti. Vile vile.

"Baba," nilimwambia, "kikombe kinacheza."

"Kikombe hakichezi. Mkono wako ndio unaocheza."

"Njoo basi uone."

"Nione nini? Hiyo mashine nimeifunga mwenyewe. Wewe gonga mti sawasawa. Unagonga kama unaponda kitunguu saumu."

Nikamgeukia mama mkwe. Yeye wakati huo alikuwa anafanya kazi ya kupanga na kufunga tu, kwa sababu mgongo ulikuwa unamsumbua, kwa hiyo mashine nilikuwa naitumia peke yangu.

"Usinitazame," alisema. "Patasi unaishika kama mwiko. Nimekwambia tangu ulipoolewa."

Pia zikaharibika. Mwenye duka la barabara kuu aliturudishia gunia zima. Alisema zinazunguka kama mlevi anayetafuta mlango. Baba mkwe akalitua gunia miguuni pangu mbele ya majirani. Nikaendelea kukereza, na kila siku nikitoka bandani mabega yananiuma kwa kupigana na mti usiotaka kutulia.

Siku ya ajali nilikuwa nimeinama kidogo, natengeneza ncha ya pia. Mti ukachomoka. Sikuuona ukija. Nilisikia mlio, kisha nikawa sakafuni juu ya maranda, mdomo umejaa damu na kitu kigumu kinazunguka juu ya ulimi. Lilikuwa jino langu. Shavu lilikuwa limepasuka kuanzia chini ya jicho. Daktari alisema ungepanda kidogo tu, jicho lingekwenda.

Na yule mzee akaenda kunywa chai na kusema nilisinzia.

Mume wangu Lokesha anafanya kazi kwenye soko la vifukofuko vya hariri, Ramanagara. Alinichukua hospitalini kwa riksho, akanilaza kitandani, akaniletea maji. Alikuwa mpole. Upole wake ndio uliozidi kunichoma.

"Achana na mashine, Kusuma," aliniambia. "Kaa nyumbani. Kazi ile inataka mtu makini."

"Makini?"

"Sina maana mbaya. Baba amesema tu..."

"Umeniuliza mimi kilichotokea?"

Akaiweka bilauri ya maji sakafuni.

"Hujaniuliza hata mara moja. Umemuuliza baba yako, naye alikuwa barazani anakuna magoti. Mimi ndiye niliyekuwepo. Mimi ndiye niliyetema jino. Toka."

"Kusuma, mishono itafunguka."

"Ifunguke. Toka!"

Akatoka. Nikalia kwa hasira, na machozi yenye chumvi yakaingia kwenye kidonda, nikazidi kukasirika.

Siku iliyofuata, Lokesha akiwa kazini na baba mkwe akiwa hukohuko kwenye chai yake, nilishuka kitandani nikaenda bandani. Kichwa kilikuwa kinadunda. Nilitaka kuijua ile mashine. Kama kosa ni langu, basi nilijue kwa mkono wangu mwenyewe, nisiambiwe na watu wa kibanda cha chai.

Nilikuwa nimegonga mti kwenye kikombe na ndio kwanza nimewasha mota, mama mkwe akatokea mlangoni.

"Umerukwa na akili? Unataka na shavu la pili?"

"Mama, niache."

"Nikuache uniletee maiti? Zima!"

"Sizimi! Mmesema nilisinzia. Haya, leo niko macho. Simama hapo unitazame nikisinzia!"

Sikuwahi kumpandishia sauti. Alinitazama uso uliovimba, shavu la zambarau, bandeji. Nilidhani atanizaba kofi upande uliobaki. Badala yake alifunga pindo la sari yake kiunoni, akaja karibu.

"Haya. Nionyeshe."

Nikachukua kipande cha mkaa, nikaegemeza mkono kwenye benchi, nikausogeza mkaa pole pole kuelekea kikombe kinachozunguka, mpaka ukagusa kidogo tu. Nikazima. Kikombe kilikuwa na alama nyeusi upande mmoja. Upande wa pili ulikuwa safi.

"Umeona? Kingekuwa kinazunguka sawa, mkaa ungechora pete nzima."

"Labda mti umekivuta," alisema. "Uliugonga upande."

"Haya." Nikautoa mti, nikaugeuza, nikaugonga upya. Kila pigo la nyundo lilinipanda kwenye mishono. Nikafuta alama, nikawasha, nikapitisha mkaa. Alama ikarudi palepale, upande uleule wa kikombe.

"Mti nimeugeuza, mama. Alama haikugeuka nao."

Nikautoa mti kabisa, nikajaribu kikombe kitupu. Palepale.

"Basi shafti imepinda," alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Au beringi zimekufa. Mashine ya zamani hiyo."

"Tukitoe kikombe tuone."

"Spana ni ya..." Akakatiza maneno. Akainama mwenyewe chini ya benchi, mgongo ukimlia, akaibuka na spana. "Shika."

Tulivuta spana wote wawili ndipo kikombe kikaachia. Tukawasha shafti ikiwa tupu. Mkaa ukachora pete nzima, nyembamba, nzuri, kama wanja wa bibi harusi. Tukazima. Mama mkwe akaishika shafti kwa mikono miwili, akaivuta juu, akaisukuma chini, akaitikisa kushoto na kulia. Haikucheza hata unywele.

"Shafti nzima," alisema. "Beringi nzima."

"Ndiyo, mama."

"Usiniambie ndiyo mama kwa sauti hiyo. Kamwite Fakhrunnisa."

Fakhrunnisa ni jirani wa ukuta mmoja, naye ni mkerezaji, vikombe vyetu vilitoka kwa mhunzi mmoja. Alikuja na chake mkononi na udadisi usoni.

"Dada Gowramma, leo mnafunga kiwanda?"

"Tunafunga midomo ya watu. Lete hicho."

Tukakifunga kikombe cha Fakhrunnisa kwenye shafti yetu. Kiliingia chenyewe kwa vidole, kikakaa. Nikawasha. Kilizunguka hata usingejua kama kinazunguka. Mkaa, pete nzima. Fakhrunnisa akacheka.

"Mbona mashine yenu haina neno? Mimi nimeambiwa..." Akaziba mdomo.

"Umeambiwa nini?" nilimuuliza.

"Si unajua watu, shoga yangu."

"Najua watu. Sema."

"Kwamba unachezea simu."

Mama mkwe alikuwa ameshakichukua kikombe chetu, amekipeleka mlangoni kwenye mwanga. Akakigeuza, akachungulia tundu la nyuma, pale kinapoingilia shafti. Akachomoa pini kwenye sari yake, akaanza kuchokoa kwenye meno ya skrubu. Nilisikia kitu kikikwaruza. Akachokoa tena, akavuta, kikatoka kipande cha bati, chembamba, kilichokatwa kwa mkasi kama utepe na kukandamizwa mpaka kikachukua sura ya skrubu. Baada yake kikatoka kingine.

Akakirudisha kikombe kwenye shafti bila yale mabati, hakukikaza, akakitikisa tu. Kililia kama kifuniko cha sufuria. Meno ya ndani yalikuwa yameisha. Mtu alikuwa anajua yameisha, akayajaza bati upande mmoja ili kikombe kishike, na bati likakisukuma kikombe upande.

Mama mkwe alikikunjua kile kipande juu ya kiganja. Kilikuwa cha kijani, na pembeni kilikuwa na manyoya ya kasuku yaliyochorwa kwa dhahabu. Lilikuwa bati la kopo la ugoro. Katika nyumba yetu anayenusa ugoro ni mmoja, na anayetumwa dukani kuununua ni mama mkwe.

Nilimwona akilitazama lile bati, kisha akalitazama shavu langu, kisha bati tena.

Wake wa kwetu, hasa wa rika lake, hawamtaji mume kwa jina. Ni "sikia wewe" au "baba Lokesha", mpaka mtu anazikwa. Gowramma akatoka bandani, akapita uani, akasimama barabarani pale kibanda cha chai kinapoonekana, akajaza mapafu.

"Bairappa! Ewe Bairappa! Njoo hapa!"

Mashine za mtaa zikazimwa moja baada ya nyingine. Mzee alikuja akichechemea haraka kuliko nilivyowahi kumwona, aibu imemjaa uso mzima.

"Umekuwa mwendawazimu? Unanitaja njiani?"

"Nitakutaja mpaka Mysore! Hii nini?"

Alipoliona bati, alisimama. Hakuuliza ni nini, na kwa kutouliza kwake nikajua yote.

"Tuingie ndani," alisema.

"Hatuingii. Hii nini?"

"Kikombe kilikuwa kimelegea. Wakati wa mvua nilikifungua kukisafisha, wakati wa kukirudisha nikakianza upande, nikakilazimisha, meno yakakatika. Basi nikakitia bati. Wazee wetu wote walitia bati. Nilikuwa nitamwona mhunzi."

"Lini?"

"Nilikuwa nitamwona."

"Nilikwambia kinacheza," nilisema. Mdomo ulikuwa bado mzito na maneno yalitoka na mate. "Nilikuja nikakwambia, baba. Ukasema mkono wangu."

"Nilidhani kitashika."

"Na niliporudishiwa gunia, ulidhani nini?"

Hakunitazama. Alikuwa anatazama chini, kwenye vumbi.

"Na nikiwa hospitalini? Ulipoketi kule na kusema nimesinzia, ulidhani nini?"

"Ningesema nini?" Akainua kichwa ghafla, naye amekasirika. "Niseme Bairappa hajui kufunga kikombe? Mimi? Watu waliokuwa wanatoka mbali kuja kuona mikono hii, niwaambie imeharibu skrubu kama mtoto?"

"Ndiyo!" alipiga kelele mama mkwe. "Ndiyo, useme! Ulidhani mkono wako una thamani kuliko jicho la mtoto wa watu? Wazazi wake walitupa binti mzima, mzee mpumbavu wewe! Na mimi nimekuamini, nimemtukana kila siku. Nimemwambia anashika patasi kama mwiko!"

Fakhrunnisa alimshika bega, akampangusa machozi.

Jioni mama mkwe alisonga ugali wa wimbi, akafinyanga mabonge, akayaweka kwenye sahani na mchuzi wa choroko. Moja langu, moja la Lokesha, moja lake. Baba mkwe alikaa mahali pake akasubiri. Sahani yake haikuja.

"Yangu?"

"Kale kule ulikosemea," alisema mama mkwe. "Ukishawaambia wale wale, kwa mdomo ule ule, njoo utakuta chakula."

"Mama," Lokesha alianza.

"Wewe kula. Zamu yako haijafika."

Mzee alilala na njaa yake. Asubuhi alikwenda kwenye kibanda cha chai, na kabla mwanga haujaingia sawasawa barazani Fakhrunnisa alishakuja kutuhadithia. Alisema mzee amekohoa sana, amezunguka sana, ameanza na habari za ubovu wa vyuma vya siku hizi. Mwenye kibanda akamwambia, "Mzee, sema neno, chai inapoa." Ndipo akasema, "Kikombe nilikiharibu mimi. Msichana hakusinzia." Kisha akaondoka bila kumaliza chai yake. Alipata chakula. Mimi sikupata raha niliyoitarajia. Nilikuwa nimedhani maneno yale yakisemwa nitapona. Lakini jino lilikuwa limekwenda na shavu lilikuwa linavuta kila nikitafuna.

Lokesha aliniomba radhi huku anakunja nguo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kukunja nguo, namaanisha. Nilimwambia, "Siku nyingine kitu kikinipata, mtu wa kwanza kumuuliza ni nani?" Akasema, "Wewe." Nikamwambia akunje na shuka.

Kikombe kipya tulikwenda kukichukua kwa mhunzi mimi na mama mkwe, tukakijaribu kwenye shafti kwa mikono yetu, spana ikiwa mikononi mwangu. Kiliingia hadi mwisho, kikagota begani mwa shafti bila pengo. Nikagonga mti. Kabla ya kuwasha nikasema, "Mwiteni baba."

Akaja, akasimama mlangoni.

"Ingia. Simama hapa." Nikamwonyesha mbele ya benchi, mahali pangu, pale mti unapotazama uso wa mtu. "Inama kidogo, kama unakereza."

"Kusuma," alisema Lokesha.

Mama mkwe akamnyamazisha kwa mkono.

Mzee akainama. Alijua kikombe kile hajakifunga yeye. Alijua nimekifunga mimi, na alijua nilivyokuwa nimekasirika, na alijua nami najua. Nilikiweka kidole kwenye swichi nikakiacha hapo. Nilitaka auhisi huo muda. Nilitaka asimame pale na uso wake na asiwe na uhakika. Akafumba macho. Akabaki ameinama, hakurudi nyuma.

Nikawasha.

Mti ulizunguka kimya. Nikausogeza mkaa, ukachora pete nzima. Nikazima.

"Sasa unaweza kwenda," nilisema.

Alipofika mlangoni alisema bila kugeuka, akiuambia ukuta, "Nisamehe, mwanangu." Nilimsikia vizuri. Nikachukua patasi nikaanza kazi, nikakereza pia moja, nikaitia lakiri nyekundu, kisha nyingine.

Mishono ilitolewa, likabaki kovu jembamba ambalo watoto wa mtaa huniuliza habari zake, nami huwaambia ukweli wote, na babu yao Bairappa akiwa anasikia. Mwenye duka la barabara kuu alirudi mwenyewe kutaka pia zetu. Mgongo ulipompoa, mama mkwe akaanza kukereza asubuhi, mimi mchana, kwa kupokezana, na akiona nimeshika patasi vibaya bado ananitukana, ila sasa akimaliza kutukana hunionyesha.

Majuzi baba mkwe alinikuta jikoni. Alisimama akicheza na ncha ya kitambaa chake cha bega.

"Kusuma, chai ipo?"

Ilikuwepo. Nikammiminia, nikamtilia sukari anavyopenda, nikampa mkononi. Kumsamehe, bado.